Karatasi Hazisafiri

Kampuni ile ya kuuza pampu za maji ilikuwa na sheria nyingi za ajabu, lakini iliyozidi zote ni hii: karatasi hazisafiri. Miaka sita nyuma bahasha moja ya mikataba ilipotea kwenye basi, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mkurugenzi akaapa kwamba tangu siku hiyo karatasi yenye maana itakaa pale pale ilipo, na muhuri ndio utaifuata. Muhuri wenyewe haukuwa wa kushikwashikwa na kila mtu. Alikuwa nao karani mmoja wa makao makuu, mwanamke wa makamo, aliyeutunza miaka kumi na minne ndani ya kopo lenye kufuli, hadi watu wakasahau jina lake wakamwita Bi Muhuri. Hata mlinzi wa getini alimwita hivyo, naye akaitika.

Basi ugonjwa ukaja. Watu wakaambiwa wakae majumbani, na serikali ikataka kila tawi la kila kampuni liwe na cheti cha usalama wa wafanyakazi, chenye muhuri wa mwajiri. Wewe mwenye akili zako timamu umeshaona tunakoelekea. Mkurugenzi alimpigia Bi Muhuri simu, maana yeye mwenyewe alikuwa amejifungia nyumbani kwake tangu wiki ya kwanza, akamwambia azunguke matawi matatu kwa siku tatu, agonge muhuri kwenye vyeti.

"Yaani nisafiri," Bi Muhuri akauliza, "ili kuthibitisha kwamba watu wetu hawahatarishwi?"

"Usinichanganye, bibie. Ni kugonga tu, kisha unarudi."

"Si walete vyeti huku niwagongee?"

"Karatasi hazisafiri. Unajua."

Alijua. Na wala hakuwa mwoga wa safari. Tatizo lilikuwa mama yake. Waliishi wawili katika nyumba ya vyumba viwili, na mama alikuwa na pumu ya miaka thelathini, pumu ya kulala umekaa. Daktari alikuwa amemwambia Bi Muhuri bila kuzunguka: ugonjwa huu ukiingia humu ndani, mama yako hatoki. Kwa hiyo akaomba kitu kimoja. Akirudi, awekewe chumba mahali, akae wiki mbili na apimwe, ndipo aende kwa mama.

"Tutaangalia," akasema Mkurugenzi.

Tutaangalia! Jamani, kuna neno limechosha watu kuliko hilo? Anayelisema haangalii, na anayeambiwa ndiye anayekodoa macho.

Dereva wao alikuwa mzee mmoja mpole, aliyepewa jina la Mzee Breki kwa sababu hata akiona kuku upande wa pili wa barabara alikanyaga breki. Kampuni iliwapa barakoa moja moja ya kitambaa, yenye picha ya pampu, ya siku tatu. Mzee Breki akaivaa, akajitazama kwenye kioo, akasema, "Sasa nimekuwa tangazo linalopumua."

Tawi la kwanza, badala ya kuwaletea karatasi pale mlangoni wagonge waondoke, meneja alikuwa amewakusanya wafanyakazi wote arobaini ndani ya stoo ya mabomba, bega kwa bega, washuhudie. Alitaka picha. Bi Muhuri akamuuliza kama anaujua ugonjwa wenyewe unavyoambukiza, meneja akacheka, akasema tukio kama hili halitokei kila siku. Wakapiga makofi. Mwanamume mmoja wa nyuma alikohoa mpaka akashika ukuta, kisha akapiga makofi na yeye. Bi Muhuri aligonga, akatoka mle ndani bila kuaga.

Siku ya pili, baada ya tawi la pili, Mzee Breki akaanza kukohoa.

"Vumbi hilo," akasema.

"Vumbi la wapi, mzee wangu, na mvua inanyesha?"

"Basi ni mvua." Akateremsha kioo cha upande wake, na Bi Muhuri akateremsha chake, wakaenda hivyo wakilowa kila mtu kwake.

Tawi la tatu meneja alichelewa, na hilo ndilo lililobadilisha mambo. Bi Muhuri akiwa amekaa peke yake ofisini na cheti mbele yake, kwa mara ya kwanza akakisoma. Vile viwili alivigonga bila kusoma. Miaka kumi na minne ya kugonga humfundisha mtu kutafuta nafasi ya muhuri tu. Kifungu cha nne kilisema: Mwajiri anathibitisha kwamba kila mfanyakazi aliyesafiri kikazi amepewa mahali pa kujitenga, na amepimwa kabla ya kurudi kwa familia yake.

Alisoma mara tatu. Aliyesafiri si ndiye yeye? Uongo juu ya roho ya mama yake mwenyewe, na alikuwa ameshaugonga mara mbili kwa mkono wake. Akampigia Mkurugenzi.

"Cheti kinasema nimepewa chumba. Chumba kiko wapi?"

"Bibie, gonga kwanza. Mkaguzi wa serikali anafika hapo kesho asubuhi. Hayo mengine tutaangalia."

"Sigongi."

"Unasemaje?"

"Nimesema sigongi. Umeniangalia vya kutosha."

"Wewe unajua unaongea na nani?"

"Najua sana. Naongea na mtu ambaye hajatoka sebuleni kwake miezi miwili. Mimi nimetoka, na nyumbani kwangu kuna mtu akipata mafua tu tunakesha. Leo nikigonga hapa, kesho nikalale naye chumba cha pili, yakitokea ya kutokea utaniletea nini? Rambirambi zenye muhuri?"

Upande wa pili televisheni ilisikika, na mtu akicheka.

"Unataka nini hasa?"

"Chumba. Na kipimo."

"Chumba kimoja?"

"Kimoja."

"Haya."

Dakika kumi hazijaisha, ujumbe ukaingia wenye jina la hoteli ndogo mjini kwao, wiki mbili, na muuguzi wa kuja kupima. Siku zote hizo za tutaangalia, kumbe jambo lenyewe ni la dakika kumi! Bi Muhuri akakigonga kile cheti kwa nguvu mpaka kalamu zikaruka mezani.

Njiani kurudi, Mzee Breki alifurahi kama ni yeye aliyeshinda. "Umemweza, bibie! Miaka ishirini namwendesha, neno 'haya' sijawahi kulisikia kinywani mwake." Alicheka, akakohoa, akacheka tena. Walipofika hotelini alimshushia mzigo wake, akasimama kidogo pale mlangoni akitazama ndani, kwenye ngazi safi na beseni la kunawia mikono. Kisha akasema, "Haya, mimi naenda kwa watoto." Bi Muhuri akampungia mkono.

Muuguzi alikuja kesho yake. Siku ya tatu majibu yakatoka: anao. Homa ilikuwa imeshampanda, lakini jambo la kwanza alilofanya ni kumpigia mama.

"Jirani ananiletea chakula hakina chumvi," mama akalalamika. "Mwambie mimi naumwa pumu, siumwi ulimi."

Sauti ilikuwa kavu, safi, haina mkoromo hata kidogo. Bi Muhuri alifunika simu akalia. Kama angegonga kwanza jinsi alivyoambiwa, siku hiyo wangekuwa wanakoroma wote wawili.

Mchana ukaingia waraka wa Mkurugenzi kwa wafanyakazi wote. Kampuni inajivunia, ulisema, kwamba wafanyakazi wake waliosafiri kikazi wametengwa na kupimwa kwa gharama zake. Bi Muhuri akasonya. Mtu unamtoa chumba kama unamng'oa jino, kesho anajivunia! Akaurudia waraka ili apate kuutukana vizuri, akafika kwenye "wafanyakazi wake waliosafiri", na hapo matusi yakamwishia.

Waliosafiri walikuwa wawili.

Aliitafuta namba ya Mzee Breki. Ikaita sana, ikapokewa na mkewe.

"Hawezi kuongea, dada. Anakohoa toka arudi safari, hali wala hanywi. Na kitinda mimba wetu naye kaanza usiku." Mke wake akaisogeza simu karibu. "Wewe ndiye Bi Muhuri?"

"Ndiye mimi."

"Alinisimulia ulivyowabana mpaka wakakupa chumba. Alifurahi! Akasema na chake bila shaka wanakitafuta, nisimfungulie begi. Mpaka jana lilikuwa pale mlangoni." Nyuma yake kikohozi kikasikika, kirefu, kisha kingine chembamba. "Hivi ulipowaambia, dada yangu, juu yake yeye walisemaje?"

Bi Muhuri angeweza kusema wanatafuta. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi, tayari kabisa.

"Hawakusema kitu," akajibu. "Sikuwauliza."