Kichwa cha Mpingo

"Mchagua jembe si mkulima," mama mkwe aliniambia asubuhi ile nikimfunga vifungo vya sweta. Nilikuwa nimechoka tangu nilipofumbua macho, uchovu ule ambao hata ulale vipi hautoki. Mume wangu alikuwa kazini, na mama yake tangu aanguke bafuni haachwi peke yake, kwa hiyo ilibidi niende naye kwa fundi wa filimbi. Hata hivyo fundi mwenyewe alikuwa ameniagiza nije na mtu.

Fundi huyo anatengeneza vichwa vya filimbi. Filimbi ya okestra ina kichwa, kiwiliwili na mguu, kama sisi tu, na kichwa ndicho chenye tundu la kupulizia. Ukibadili kichwa, sauti nzima inabadilika. Sasa fundi ana sharti lake: hakuuzii kichwa ukija peke yako. Uje na mtu anayekusikia nyumbani siku zote, akae mbali nyuma ya pazia, akusikilize bila kukuona.

"Anayepuliza hajisikii," husema. "Anasikia mifupa ya fuvu lake."

Mimi nilikuwa mpuliza filimbi wa kwanza, yule ambaye okestra nzima ikinyamaza yeye ndiye anayebaki. Kisha siku moja niliamka upande wa kushoto wa uso wangu umelala. Daktari alisema utaamka, na kweli uliamka, isipokuwa pembe ya mdomo. Hiyo imebaki mvivu mpaka leo, na pumzi inavujia hapo. Kiongozi wa okestra alinivumilia, lakini uvumilivu una mwisho. Jumatatu alitaka anisikie mwenyewe, ndipo aamue kama nabaki kiti cha kwanza, nahamia cha pili, au nakwenda nyumbani. Nikajiambia tatizo ni kichwa cha filimbi, kimezeeka. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali naijua, na bado nilikwenda.

Na huyu msikilizaji wangu mnapaswa kumjua. Chumba chake na kile ninachofanyia mazoezi vinatenganishwa na ukuta mmoja, na tangu niolewe anagonga ukuta huo kwa mkongojo. "Bibi harusi! Paka wako hajafa tu?" Paka ni filimbi yangu. Mvi zimenijaa kichwani na bado naitwa bibi harusi, kwa kejeli, bila shaka. Lakini tangu niugue alikuwa hajagonga ukuta. Nilidhani masikio yake yameanza kuchoka, nikashukuru Mungu kwa amani.

Karakana ya fundi ina korido ndefu yenye harufu ya mafuta ya mashine. Alimweka mama mkwe mwisho kabisa, kwenye kiti chenye mto, akavuta pazia. Nilianza na kichwa changu cha zamani. Noti za chini zilitoka na upepo mwingi, za juu zilikatika njiani.

"Nzuri," sauti ilitoka nyuma ya pazia.

Fundi alinipa kichwa kipya cha fedha, chenye tundu dogo na kingo kali. Ndicho nilichokuwa nakiota. Wapigaji wakubwa wanapenda kichwa cha namna hiyo kwa sababu sauti yake inafika mpaka viti vya nyuma. Nilikaza mdomo hadi shavu likatetemeka. Kilichotoka kilikuwa mluzi wa birika.

"Nzuri sana, mwanangu," mama mkwe alisema.

Mwanangu. Fundi aliinama akajifanya anafuta kitu mezani. Mimi nilibaki na filimbi mkononi, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ukuta wetu ulikuwa umenyamaza. Masikio yake hayakuwa na neno. Alikuwa ananihurumia. Miezi yote hiyo mwanamke yule, ambaye hata chumvi ya pilau ya harusi yangu aliikosoa, alikuwa amekaa upande wa pili akisikia ninavyoharibikiwa, akaziba mdomo. Niliona aibu, kisha nikaona hasira, kisha hata hasira ikanichosha.

"Bado hiki," fundi alisema.

Kilikuwa cha mpingo, cheusi, chenye tundu pana. Nilikuwa nimekisukuma pembeni tangu nilipoingia. Kichwa kama hicho kinasamehe mdomo, lakini sauti yake ni nene na ya chini, haipenyi katikati ya fidla. Ni kichwa cha mtu wa kiti cha pili, na mimi sikuwa nimekuja kutafuta kiti cha pili. Ila sikuwa na nguvu za kubishana. Nikakichomeka ili tumalize twende zetu.

Sikukaza chochote. Niliuacha mdomo ulegee upande unakotaka kulegea, nikapuliza ule wimbo wa mazoezi ninaoanza nao kila asubuhi. Noti ya kwanza ilitoka nzima. Ya pili ikaifuata. Korido ikajaa, nami nikaendelea, sikumbuki mpaka wapi, kwa sababu mkongojo ulianza kugonga ukuta.

"Bibi harusi! Paka huyo tena? Wenzako vichwa vinatuuma."

Nikashusha filimbi. "Inakukera, Mama?"

"Inanikera sana. Imeniingia mpaka kwenye meno."

Machozi yalinitoka bila kuniaga. "Nifungie hiki," nikamwambia fundi.

"Unajua kwamba kwa kiti cha kwanza hiki..."

"Najua."

Nilimpigia simu kiongozi wa okestra pale pale kwenye kibaraza. Nikamwambia Jumatatu nitakuja kama tulivyopatana, lakini anisikilize kwa kiti cha pili, na cha kwanza ampe yule binti wa kiti cha pili anayekaa kushoto kwangu. Akasema sawa. Iliniuma, sitasema haikuniuma. Nilimtamani yule mwanamke niliyekuwa, mwenye mdomo mzima.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, ananisubiri tushuke ngazi.

"Umechukua kipi?" akauliza.

"Cha paka."

"Basi tumekwisha," alisema, akanishika mkono kwa nguvu kuliko ngazi zilivyohitaji.