Maji ya Deki ya Al-Naseem

Uvumi ulimfikia Lydia akisugua sufuria ya wali ulioungua, na tangu hapo haukumtoka kichwani. Walisema huko Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, msichana asiyeruhusiwa kutoka nje akipiga deki, maji hayakauki. Yanapita chini ya mlango wa bafu na kuteremka hadi mji fulani wa Ulaya wenye mifereji.

Aliyeuleta ni Bi Wahida, mama wa bosi, mzee wa Kizanzibari aliyezaliwa papo hapo Balad, Jeddah.

"Wanayafuata kwa miguu," alisema. "Tena na ndara. Na baridi ile! Watakohoa hao."

Lydia alikuwa na binti Al-Naseem, jina lake Metrine. Walitoka Bungoma pamoja, wakatenganishwa uwanja wa ndege. Wako nchi moja na hawajaonana tena. Kafili wa mama, yaani bosi aliyemdhamini, hataki; kafili wa binti hataki. Lydia akapiga simu.

"Wamekufungia?"

"Wameenda likizo Ulaya, mum. Funguo wamebeba."

"Na maji ya deki?"

"Yalishatangulia. Mimi nayafuata tu."

Akaeleza anachoona. Barabara ni maji, watu wanapita kando. Nyumba ni nyembamba, zimeegemeana kama watu waliochoka kwenye foleni. Madirisha ni makubwa, hayana pazia, kila mtu anaonyesha sebule yake. Bibi mwenye mvi amempita kwa baiskeli akibeba ngazi.

"Nimetembea mpaka nimepotea, mum. Hebu fikiria, kupotea! Kule ndani ningepotelea wapi, kati ya jikoni na stoo? Na hakuna aliyeniuliza ikama, kile kibali cha kuishi."

Lydia hakungoja. Alimwaga ndoo nzima sakafuni, akaanza kupiga deki kuelekea bafuni. Bi Wahida akapandisha miguu kwenye kochi kuyapisha maji.

"Mbarouk mwanangu alikukataza Riyadh," alisema. "Ulaya hakuitaja. Nenda, lakini vaa sweta langu."

Alimkuta Metrine juu ya daraja, mikono imepasuka kwa sabuni.

"Umekonda," Lydia alisema.

"Na wewe umenona, mum. Balad kuna chakula."

Walikumbatiana mpaka mwenye baiskeli akawapigia kengele. Kisha wakatembea. Kila wakikaribia ukingo Lydia alimvuta binti.

"Utatumbukia!"

"Mum, si ni haya haya ya deki? Angalia povu."

Kweli, bata walikuwa wakiogelea kwenye povu.

Walipofika daraja lingine wakamwona madam wa Metrine akija na watoto na mifuko ya nguo. Hakushangaa.

"Metrine! Yalla, beba hii."

"Naam, madam," Metrine aliitika, na mkono wa mama yake akauachia.

Madam alimsalimu Lydia vizuri, akamsifia binti kwa usafi. Lydia akakusanya Kiarabu chake chote.

"Madam, ule mlango. Umefungwa na mtoto yuko ndani."

"Usiwe na wasiwasi," madam alisema. "Kufuli ni jipya. Hakuna mwizi atakayeingia."

Akamwagiza Metrine arudishe mifuko nyumbani, aipange kabatini, halafu apike.

Mlango wa Al-Naseem bado unafungwa kwa nje. Ila sasa kila Ijumaa Lydia hupiga deki, na binti hupiga deki, na hukutana. Juzi kulikuwa na wasichana wengine darajani, wameketi kwenye jua, wanacheka kwa sauti. Metrine ameanza kunenepa.

Mnaokuja huku, epukeni haya:

Kumpa mtu pasipoti akutunzie, hata akikuita mwanangu.

Kusimama kwenye njia ya baiskeli. Hawapunguzi mwendo.

Kuficha habari nyumbani. Mama atasikia kwa watu, na itakuwa mbaya zaidi.

Kukamua tambara sana. Acha maji.

Kuitika upesi ukiitwa darajani. Mama yako bado hajamaliza kukutazama.