Majina Themanini ya Chumba cha Uzazi

Mtaani kwetu mheshimiwa mbunge tunamwita Limepokelewa. Si matusi. Ukimwambia taa ya njia panda imekufa, anatoa daftari, anaandika, anasema, "Limepokelewa." Ukimwambia mkwe wako hakusalimii, vilevile: limepokelewa. Lakini haki yake apewe, Jumamosi hakosi. Anakaa kwenye benchi la nje ya saluni, tai kailegeza, dreva wake yuko nyuma na mkoba, na sisi tunamwaga yote, ya serikali na ya jikoni.

Jumamosi moja akaja mkunga wa zahanati, aproni bado kiunoni. Yule mama haji saluni hata siku moja. Nywele zake ni kitambaa, basi. Tukajua hapa kuna jambo. Msusi akazima mashine ya kukaushia nywele ili tusikie vizuri.

"Wanafunga chumba changu cha kujifungulia," alisema. "Barua imekuja. Kinageuzwa stoo ya mafaili, na mimi napelekwa hospitali kuu, ng'ambo ya barabara kubwa."

"Limepok..."

"Usinipokelee, mheshimiwa. Mwanao wa pili nilimpokea mimi mle ndani, na wewe nikakuokota mlangoni umezimia."

Tulicheka mpaka mteja mmoja akaunguzwa sikio na kitana cha moto. Ila mkunga hakucheka. Alikuwa na kadi kumi na moja za wajawazito, na mmoja wao ni binti wa huyo huyo msusi, tumbo limeshafika puani, haendi hata dukani bila kupumzika mara mbili. Hiyo barabara ya magari ya mizigo angeivukaje, tena na uchungu?

Mheshimiwa akakaza tai. Akatueleza kwamba bunge la jimbo lina utaratibu: ombi la wananchi likiwa na majina themanini ya wakazi, chumba hakiguswi mpaka kamati ije yenyewe kuwasikiliza. Karatasi ikazunguka. Adhuhuri haijafika, imejaa.

Baada ya wiki moja ilirudi, na barua juu yake. Mheshimiwa alitusomea palepale benchini, sauti ikizidi kushuka kila mstari.

"Bunge halina uwezo wa kumtambua mkazi aitwaye Nusu Msumari. Wala Mama Breki. Wala Waziri wa Mvua, ambaye hayumo katika baraza la mawaziri."

"Mimi nimeandika jina langu!" alilalamika fundi viatu, ambaye ndiye Nusu Msumari. "Hata mke wangu ananiita hivyo."

"Na wewe, mheshimiwa, ulipopeleka hukuona?" aliuliza msusi.

"Niliona," alisema. "Nikaona ni majina."

Utamlaumu vipi? Kakua na sisi.

Ikabidi tuanze upya, na siku zilizobaki kabla chumba hakijafungwa ni tisa. Mheshimiwa alipita mlango kwa mlango, jasho linamtoka, akiomba majina ya kwenye vyeti. Watu walijaza kama wako kwenye mtihani, kiganja kimefunika karatasi. Mama Breki alimfukuza mumewe sebuleni kwanza. Wa mwisho kabisa alikuwa dreva, naye ni mkazi wa hapa hapa. Mheshimiwa akiwa bado anabishana na kinyozi, yeye aliiweka karatasi juu ya boneti, akaandika, akaikunja. Yakatimia themanini na manne. Tukapumua.

Bunge likajibu kwamba safari hii litahakiki kwa macho.

Afisa aliyeletwa alikuwa mwanamke mwembamba, kalamu nyekundu imening'inia shingoni. Tulijaa uani kwa zahanati, na waliotoa majina wote walikuwepo. Mkunga alisimama kwenye mlango wa chumba chake. Mheshimiwa alikaa karibu na afisa na nakala yake.

"Nikiita jina, mwenyewe aitike 'nipo'," alisema afisa. "Nikiita mara tatu kimya, nakata. Na hakuna kusaidiana."

Akaita la kwanza. Kimya. Akaita tena. Tukatazamana, kila mtu anamtafuta mwenzake. Mara ya tatu, kisha kalamu ikapita. Hapo fundi viatu akashtuka kama kamwagiwa maji.

"Ngoja, ngoja! Si ndiye mimi huyo?"

"Umechelewa, mzee."

"Dada, miaka thelathini hakuna aliyeniita hivyo!"

"Leo umeitwa mara tatu."

Waziri wa Mvua alikatwa akikagua mawingu. Mama Breki alikatwa akisimulia; alikuwa anatueleza jinsi fundi viatu alivyo mzembe. Jina moja likaitikiwa na watu wawili, kila mmoja ana hakika ni lake, na afisa hakutaka kesi. Akalikata. Manne yakawa yameondoka, na bado karatasi ni ndefu.

Mkunga mlangoni alikuwa anateseka. Yeye majina ya mtaa mzima anayo kichwani, ameyaandika kwenye kadi kwa mkono wake. Kila likiitwa, macho yanamruka kuelekea kwa mwenyewe, na midomo ameibana. Kamba ya aproni ameikunjakunja mpaka imekuwa uzi.

Baada ya hapo uwanja ulitulia, hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Jina, nipo. Jina, nipo. Kinyozi aliitika kwa sauti ya kwata ya jeshi. Tulikuwa tunahesabu kwa vidole, na vidole vilipokwisha tukaazima vya jirani. Sabini na saba. Sabini na nane. Sabini na tisa.

Likabaki moja. Afisa akaliita. Kimya.

Akaliita tena. Mheshimiwa akaitazama nakala yake, akatikisa kichwa.

"Mtaa huu nawajua wote, mpaka mbuzi," alisema. "Huyu simjui. Labda mpangaji kahama. We kata tu, dada, tumali..."

Msusi alimvuta tai akakatika kauli. "Ukikata hilo umekata chumba, wewe mwanamume! Hesabu!"

Mheshimiwa alihesabu. Tuliona rangi ikimtoka. Binti wa msusi akashika tumbo kwa mikono miwili, na mkunga akashika fremu ya mlango. Afisa akafungua kinywa mara ya tatu.

"Nipo," ilisema sauti nyuma ya kiti cha mheshimiwa.

Mheshimiwa akageuka kushoto, akageuka kulia. Nyuma yake alikuwa dreva peke yake, na mkoba.

"Wewe?"

"Mimi, mheshimiwa. Mwaka wa sita sasa nakuendesha."

"Na mbona hukuitika mapema?"

"Nilikuwa nakupa nafasi."

Afisa aliinamisha uso kwenye karatasi yake. Mabega yalikuwa yanamcheza. Akaweka alama. "Themanini. Chumba hakiguswi mpaka kamati ije."

Mkunga hakupiga vigelegele, tulimpigia sisi. Yeye aliingia ndani, na katikati ya kelele zote tukasikia chuma cha kitanda kikivutwa, shuka likikung'utwa.

Mheshimiwa alichukua mkoba wake mwenyewe, akautoa mikononi mwa dreva, akawa hajui aushikeje.

"Hebu nitajie tena," alisema kwa sauti ya chini.

Dreva akamtajia. Kisha akalirudia kwa nguvu, maana na sisi wa nyuma tulitaka kulisikia.