Maua ya Mkondoni

Mumbua alitoka Kitui na mume na mtoto mchanga mwaka wa themanini na nne, mwaka wa ukame na unga wa manjano wa msaada, akapanga chumba kwa Bi Kulthum huko Shella, Malindi. Mumewe alikuwa bado anatafuta kazi, kwa hiyo Bi Kulthum akamfundisha kuchokoa pweza mwambani maji yanapokupwa.

"Yakirudi nitayasikia," Mumbua alisema siku ya kwanza. Mito ya kwao hukauka miezi mingi, na ikija huja na ngurumo. Mtu akaisikia, akapanda ukingo.

Bi Kulthum alicheka mpaka akajishika kiuno. "Wewe mtu wa bara! Haya hayapigi hodi. Yanakupitia nyuma, nawe umeikodolea macho bahari." Akamwonyesha mkondo uliotenga mwamba na ufuo. Ukingoni, juu ya jiwe, palikuwa na vinundu vyekundu, laini kama ini. "Hawa ni wanyama. Maji yakiwafika hufunuka kama maua. Ukiwaona wamefunuka, ondoka na mtoto wako. Pweza usimuage."

Tangu hapo Mumbua aliwatazama kila alipokwenda. Wa vidimbwini walikaa wazi. Akiwagusa walijikunja, naye akahesabu polepole mpaka wafunuke tena. Wa mkondoni walibaki wamefumba.

Asubuhi moja, mtoto yuko mgongoni, alimpata pweza mkubwa aliyeng'ang'ania tundu lake. Alivuta, akapumzika, akavuta. Akasikiliza: kimya. Mbele yake bahari ilikuwa imetulia. Akageuka kidogo tu, amkinge mtoto na jua. Hatua chache nyuma yake, wale wa mkondoni walikuwa wamefunuka wote, vidole vyao vyembamba vikipepea majini.

Aliacha pweza, kijiti na kikapu. Mkondoni maji yalimfika kiunoni, kisha kifuani. Akampandisha mtoto mabegani, akavuka. Alipotazama nyuma, lile jiwe halikuonekana.

Bi Kulthum alikuwa akikuna nazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umelowa hivyo? Pweza yuko wapi?"

"Sikumuaga."

Bi Kulthum akaiacha nazi. Akampokea mtoto, akamfuta maji kwa kanga yake mwenyewe, hata masikioni.

"Asante, mama," Mumbua alisema. Hakuwahi kumwita hivyo.

Kesho yake maji yalipokupwa, alishuka mikono mitupu, akachutama mkondoni. Vile vinundu vilikuwa vimefumba, vinang'aa kwa unyevu. Alikaa navyo muda mrefu, na siku hiyo hakugusa hata kimoja.