Samaki Hawakuiona Ngazi

Samaki walikuwa wanajipiga ukutani. Walikuja na maji mekundu ya mvua za kwanza, matumbo yamejaa mayai, wakitafuta maji ya juu wanakotagia, na ukuta uliokatiza mto ili kuyageuzia maji mferejini ukawakatalia. Waliruka, wakagonga zege, wakaanguka, wakaruka tena. Mhandisi alisimama ukingoni akiwatazama.

Kando yake ilikuwapo ngazi aliyoijenga mwenyewe: vidimbwi vya zege, kimoja juu ya kingine, maji yakishuka kutoka cha juu hadi cha chini, ili samaki apande kidogo, apumzike, apande tena. Ngazi ya kupigiwa mfano. Ndani yake hakukuwa hata na dagaa.

"Labda wanangoja kuambiwa karibu," alisema baba yake mdogo.

Huyu ndiye aliyeshika funguo za malango ya mfereji. Watu walimwita Kufuli, kwa funguo hizo, na kwa kuwa akishatoa neno hafunguki. Ndiye pia aliyemsemea mhandisi, binti wa kaka yake, mbele ya kamati ya wakulima. Kamati iliikubali ngazi kwa sharti moja: msimu huu samaki wasipopanda, inazibwa, na habari yake imekwisha. Chini kidogo, penye kivuko, wenye nyavu walikuwa wamekwisha kukaa juu ya mawe, wala hawakuwa na haraka. Samaki aliyechoshwa na ukuta hurudi chini kwa miguu yake, kama wasemavyo wao.

Simu ya mhandisi ikalia. Mwenzake wa huko juu hakumsalimu. "Mto umevimba, unakuja. Ukifika hapo, hakuna mtu wa kukanyaga ukuta huo."

Mhandisi aliitia simu mfukoni, akautazama mdomo wa ngazi, kisha akayatazama maji yaliyokuwa yakinguruma katikati ya ukuta. Hapo ndipo alipoona. Mdomo ule aliuweka penye utulivu, akiwahurumia samaki kama mtu anavyomhurumia msafiri: mtafutie pa kupumzika. Lakini samaki apandaye hautaki utulivu. Anafuata maji yenye nguvu, na maji yenye nguvu yalikuwa kule. Ngazi yake ilikuwa inanong'ona sokoni.

"Nimekosea," alisema. "Tuzibe katikati kwa mbao, maji yote yaangukie upande huu wa ngazi. Watayafuata."

"Mbao zipo," alisema fundi wake, mtu mnene aliyeitwa Chuma. "Mwenye akili ya kutembea juu ya ukuta huo ndiye simwoni."

"Basi twende tusio na akili. Ba'mdogo, tufungulie mfereji, maji yapungue hapo juu."

Kufuli alikuna shingo. "Mfereji ukijaa hivyo utamwagika kwenye miche ya watu. Ndiyo kwanza imeshika."

"Muda mfupi tu."

"Muda mfupi ni mpaka nigonge lango. Nikigonga, toka. Nitafunga, umemaliza, hujamaliza. Miche ile siyo ya babako."

"Ya baba yangu mdogo imo."

"Ndiyo maana nakwambia toka."

Alifungua. Maji juu ya ukuta yakashuka hadi kwenye vifundo vya miguu. Mhandisi alimtaja Mungu, akatangulia, Chuma nyuma yake na mbao begani. Juu ya ukuta vilisimama vyuma vya zamani vyenye mifuo ya kupachikia mbao. Walianzia ng'ambo, wakirudi kuelekea kwenye ngazi. Ubao ukiingia, maji yananyamaza chini yake. Lakini katikati kabisa chuma kimoja kilikuwa kimepinda, ubao ukagoma. Wakaliacha pengo hilo, wakaendelea, wakazimaliza mbao zilizobaki, kisha wakarudi hapo.

Pengo lile moja sasa lilikuwa baya kuliko ukuta mzima kuwa wazi. Maji yalipita pale kama yamefukuzwa, na samaki wote wakageukia hapo hapo, wakijirusha na kupasuka.

Lango likagongwa.

"Dada, tutoke," alisema Chuma.

"Tukiliacha hili tumewaua wenyewe."

"Mbao nyingine zitanunuliwa. Wewe unauzwa duka gani?"

"Toka wewe. Mimi nakuja."

Chuma hakutoka. Alitukana chuma kile kwa majina yote aliyofundishwa na asiyofundishwa, akakigonga kwa nyundo, mhandisi akiusukuma ubao kwa goti na kifua. Lango likagongwa tena, kwa hasira. Mhandisi alingoja maji yampande miguuni. Alijua baba mdogo hana maneno mawili. Alisukuma huku akingoja, na maji hayakupanda. Ubao ukalia, ukaingia.

Waliruka kutoka ukutani, mto wenyewe ukishuka nyuma yao na magogo yake. Maji yakageuka yote, yakaangukia kando ya ngazi kwa ngurumo.

Ndipo mhandisi alipotazama lango. Lilikuwa wazi bado. Kufuli alikuwa ameshika jembe, amelikata tuta la mfereji mahali palipo na shamba la kwanza, shamba lake, na maji yote ya ziada yalikuwa yakiingia humo. Mashamba ya wengine chini yalikuwa salama. Lake lilikuwa ziwa.

Mama mdogo, mke wa Kufuli, alisimama pembeni, mikono kiunoni.

"Umekata tuta letu."

"Nimekata."

"Si ungefunga lango?"

Kufuli alimwonyesha kwa kidevu binti yao anayekuja, nguo zinamchuruzika maji. Mama mdogo alimtazama kutoka juu hadi chini. Kisha akapandisha nguo yake, akaingia kwenye tope, akaanza kuokota miche inayoelea. Kufuli alikwenda kufunga lango.

Kwenye kidimbwi cha kwanza mgongo mweusi ulichomoza, ukazama, ukatokea kwenye cha pili. Nyuma yake mwingine. Kule kivukoni wenye nyavu walisimama.

"Mama, wanapanda," alisema mhandisi.

"Waache wapande," alijibu mama mdogo bila kuinua kichwa. "Njoo ushike huku."