Simu Iliyobanwa Begani

Wenzangu mnaoongea na simu mkiwa mmeibana kati ya sikio na bega ili mikono iendelee na kazi, acheni leo. Nawaandikia kwa sababu yamenikuta, na nusura yamponze mwanangu.

Mimi kazi yangu ni kufua na kupiga pasi nguo za watu. Binti yangu ni daktari wa maumivu ya misuli. Hospitali yao haikuwahi kuwa na daktari wa namna hiyo, si mwanamume si mwanamke, ndiyo maana alipoanza wenzake walimpachika jina la Mbonyezaji, kwa vile anatibu kwa kidole gumba. Mimi nami sikufurahi. Kwa miaka yote ile ya kusoma nilitegemea awe daktari wa moyo, au wa watoto. Nikamwambia, "Mwanangu, misuli si ugonjwa, ni uchovu." Akacheka. "Mama, hao waliochoka ndio ninaowataka."

Shida ni kwamba hawakuja. Alipewa chumba kimoja mwisho wa korido, kitanda na viti viwili, na daktari mkuu akamwambia wazi: mwezi ukiisha bila wagonjwa, chumba kinakuwa stoo ya magodoro. Roho yangu ikawa juujuu. Nikawa nampigia asubuhi, mchana na jioni. Umepata mtu? Umekula? Magodoro yameletwa? Mkono mmoja pasi, mkono mwingine shati, simu begani.

Kichwa kikaanza kuuma. Upande mmoja, kutoka shingoni mpaka nyuma ya jicho, kama mtu anapigilia msumari. Nikasema ni mawazo tu. Nikajifunga kitambaa, nikameza vidonge, wapi. Kumwambia yeye niliona namwongezea mzigo, tena kichwa na misuli vinahusiana nini? Basi wiki ya mwisho ya mwezi nikaenda hospitali ileile kimyakimya, nikakaa kwenye foleni ya daktari mkuu, kwa kuwa yeye ndiye wa vichwa. Benchi limejaa. Nimejifunika mtandio mpaka puani.

Mlango wa mwisho wa korido ukafunguka.

"Shikamoo, mama."

Mtandio haukunisaidia kitu. "Marahaba. Nilikuwa napita tu."

"Unapita huku umekaa?"

Mama mmoja mwenye kikapu, jirani yangu pale kwenye benchi, akageuka. "Kumbe huyu daktari ni mwanao? Na wewe uko foleni hii?" Akawaambia wengine bila hata kushusha sauti, "Kama mama mzazi hamwendei, sisi tutafuata nini kwake?"

Benchi zima likaguna. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuja ili nisimpe mzigo, kumbe ni mimi ninayemwingizia yale magodoro chumbani.

Papo hapo simu ikalia. Mteja, anataka suruali yake. Nikaibana begani, huku napekua mkoba kutafuta leso.

Mwanangu akalitazama lile bega. Nilipokata simu akaanza kuniuliza: natapika? Naona giza? Nina homa? Niliwahi kuanguka? Mkono unakufa ganzi? Yote hapana. Akasimama nyuma yangu, akaweka kidole gumba juu ya bega, palepale simu inapokaa, akakandamiza taratibu.

Ule msumari ukanichoma nyuma ya jicho.

"Wewe, umeshika bega," nikasema, "mbona kinachouma ni kichwa?"

"Ni maumivu yaleyale ya siku zote?"

"Yaleyale. Toa kidole. Hapana, usitoe."

Watu wakacheka. Akawaambia, "Msuli huu unakaa hapa, lakini ukichoka unatuma maumivu kichwani. Mama anaukaza siku nzima akibana simu."

"Siku nzima anaongea na nani?" akauliza yule wa kikapu.

"Na mimi. Ananiuliza kama nimepata mgonjwa."

Hapo benchi likavunjika mbavu. Yule wa kikapu akajifuta machozi, akajishika shingo. "Haya, leo umempata. Akitoka mama yako, nafuata mimi."

Nilikandwa kwa kitambaa cha moto, nikafundishwa kuilaza shingo polepole bila kuilazimisha. Nilipotoka, vile viti viwili vilikuwa vimetolewa mlangoni na vimeshakaliwa, na watu wengine wameegemea ukuta. Daktari mkuu akachungulia kutoka chumbani kwake, akakuta babu mmoja tu, tena amesinzia.

"Wagonjwa wangu wako wapi?"

"Kwa Mbonyezaji," babu akajibu bila kufumbua macho.

Daktari mkuu alitembea mpaka mwisho wa korido, akaitazama ile foleni, akajishika kiuno. Sijui aliwaza nini. Ninachojua ni kwamba magodoro yaliwekwa chini ya ngazi, na yako huko mpaka leo.

Kichwa changu kilipona kidogokidogo, hakikupona siku ileile, nisiwadanganye. Na msiende kujikanda wenyewe kama unga wa maandazi. Kamwoneni daktari kwanza, maana kichwa huuma kwa mambo mengi.

Sasa hivi simu naiweka mezani, mbali na pasi, kwa sauti ya juu. Ubaya wake mtaa mzima unasikia. Juzi nikauliza, "Umekula?" Akajibu, "Mama, nina watu mlangoni."

Jirani akaita kutoka dirishani kwake, "Mwache mtoto afanye kazi."

Nikakata.