Sambusa Zikiungua Tena

Mimi si mama wa kubembeleza. Nakaanga sambusa Kamembe, karibu na msikiti, na vitabu vikuukuu nanunua Bukavu kwa kilo, vya kufungia sambusa. Vya kufungia, si vya kusoma! Lakini batoto ba siku hizi, we! Binti yangu Umutoni nikimwambia chana karatasi, anasoma. Nikimwachia karai, anasoma.

Ijumaa ile, watu wakikaribia kutoka kuswali, nilimkuta kainamia riwaya, sambusa zimekuwa makaa. Hasira zikanipanda mpaka kichwani.

"Wallahi, zikiungua tena, kitabu hiki kinaingia motoni!"

"Maman, nisamehe. Imebaki kidogo tu niimalize."

"Toka! Kalete vitunguu sokoni. Zilizobaki nitakaanga mwenyewe."

Akaenda analia. Nikatia sambusa nyingine kwenye mafuta, nikachukua kile kitabu nikichane. Macho yakatua palepale alipoachia: bibi harusi yuko ndani, kashapambwa, na mlangoni anabisha mume wake wa kwanza, ambaye wote walijua amekufa. Ee! Sasa huyu mwanamke atafanyaje? Nikafungua ukurasa wa pili. Wa tatu. Haki ya Mungu, ilikuwa tamu. Nilisahau wateja, nilisahau mafuta, nilisahau hata mgongo wangu unaouma.

Kilichonishtua ni harufu. Kuinua macho, Umutoni amesimama na vitunguu vyake, anatazama karai, ananitazama mimi. Kidole changu bado kiko katikati ya kitabu. Niseme nini? Nisingizie mkaa?

Hakucheka. Afadhali angecheka. Alikichukua kitabu taratibu, akakipangusa unga, akachuchumaa mbele ya jiko.

"Uliapa, Maman," akasema, akikisogeza motoni.

Aibu iliyonishika siwezi kuieleza. Muntu muzima mimi! Nikamnyang'anya kabla hakijagusa moto.

"Acha! Kuvunja kiapo kuna kafara yake. Ni kulisha maskini kumi. Nitawalisha."

"Kumi, Maman? Kwa ajili ya riwaya?"

"Kwa ajili ya mdomo wangu."

Kesho yake nikapika wali na maharage, sahani kumi, nikawaita wasiojiweza wa mtaani kwetu. Umutoni alikaa kwenye kigoda kando ya jiko, akisoma kwa sauti, mimi nakoroga na kumfokea, "Polepole! Rudia hapo!" Bibi harusi aliwakataa wanaume wote wawili, nikapiga vigelegele peke yangu na mwiko mkononi. Wali haukuungua.

Jumatatu nikarudi kutoka Bukavu na kilo mbili za vitabu. Umutoni akachagua kimoja, kinene, akanitazama kwa woga.

"Soma kwanza, kisha unipe na mimi. Tutachana baadaye," nikamwambia. "Lakini ukiniunguzia sambusa, utaniona!"

Sikuapa.